Swali moja kwa Mheshimiwa

Mbunge wetu anataka kurudi bungeni 2027 na ameshaanza kuzunguka vijijini. Iliposemekana anakuja uwanja wa shule ya msingi hapa kwetu, Kaunti ya Bungoma, niliapa kwamba safari hii sirudi nyumbani na leso tu.

Nina ekari mbili za miwa. Mwaka jana trela ilizama kwenye tope hatua chache kutoka shambani, na miwa iliyokwisha kukatwa ikalala chini siku tano. Ukipasua muwa wa namna hiyo unakuta kiini kimeanza wekundu, kinanuka kama pombe ya busaa. Unapungua uzito kila jua likiwaka, na sisi hulipwa kwa tani. Karo ya muhula mzima ilipotelea pale.

Mikutano ya nyuma tuliipoteza wenyewe. Huyu anaomba dawa za zahanati, yule chekechea, mwingine basari. Mheshimiwa anajibu, "Nimesikia, nimesikia," kisha magari yanaondoka. Lakini zahanati na chekechea ni kazi ya kaunti. Imeandikwa katika Jedwali la Nne la Katiba. Kazi ya mbunge iko Kifungu cha 95: kutuwakilisha, kutunga sheria, kugawa mapato ya taifa na kuisimamia serikali. Nikasema nitamuuliza lililo lake.

Jumapili baada ya ibada tulikaa barazani kwangu, akina mama wanne na mzee mmoja tunayemwita kuka, yaani babu. Kijana wangu alifungua Sheria ya Sukari ya 2024 kwenye simu, akawa anatufasiria mstari kwa mstari. Kumbe kuna ushuru wa asilimia 4 juu ya sukari, ya hapa nchini na inayoagizwa kutoka nje, na sehemu ya pesa hizo imetengewa barabara na miundombinu mingine ya maeneo ya miwa. Kuka aliomba asomewe hapo mara ya pili.

Tulikuwa na maswali tisa. Kuyapunguza hadi moja kulituchelewesha kuliko kusoma sheria yenyewe, maana kila mtu alikuwa na lake linalomuuma. Hatimaye tulipatana: yeyote kati yetu atakayepewa maiki asilete jipya, arudie hilohilo mpaka lijibiwe. Kwangu mimi, hapo ndipo kazi yote ilipokuwa.

Siku yenyewe nilimwahi mwenyekiti wa mkutano, nikaomba niwe wa tatu kusema. Mwishoni watu huwa wamechoka na mgeni anaangalia saa. Nilisoma kwenye karatasi ya daftari, mkono ukitetemeka:

"Mheshimiwa, karibu nyumbani. Sheria ya Sukari imetenga pesa za barabara za miwa. Umeuliza swali gani bungeni kuhusu fungu la huku kwetu, na uliliuliza lini?"

Akaanza na basari. Nilimwacha amalize, ni mgeni wetu. Kisha nikasema, "Asante kwa basari, Mheshimiwa. Mimi nimeuliza barabara za miwa." Maiki ikachukuliwa. Jirani yangu alipoipata akauliza hilohilo. Halafu kuka akainuka na mkongojo wake.

"Mwanangu, hawa mama wanakuuliza. Uliuliza lini?"

Uwanja ulinyamaza. Mheshimiwa alivua kofia.

"Kusema kweli, kuka, bado sijauliza."

Hakuna aliyemzomea, na nilifurahi kwa hilo. Alisema mawaziri siku hizi hufika bungeni kujibu maswali, naye atamuuliza anayehusika. Nikauliza lini. Akasema kabla ya likizo ndefu ya Desemba.

Nilikuwa na barua, nakala mbili, swali likiwa limeandikwa kama nilivyolisoma. Msaidizi wake alichukua moja. Ya pili nilimwomba atie tarehe na sahihi; aliposema hana kalamu, nilimpa yangu.

Yanayosemwa bungeni huingia kwenye Hansadi, kumbukumbu rasmi ya Bunge, na mtu yeyote anaweza kuisoma. Kijana wangu huifungua kila wiki Bunge likiwa na kikao na kutafuta jina la Mheshimiwa. Swali letu bado hatujaliona. Nakala yenye sahihi nimeiweka pamoja na stakabadhi za mizani, na Jumatatu tunaipeleka ofisini kwake sote watano, kuka akiwa mbele.