Dala ya Jáchymov

Juzi, ndani ya daladala la Mbagala, tumebanana hadi nimesimama kwa mguu mmoja, mwanangu akauliza kwa sauti: "Baba, kwa nini inaitwa daladala?" Nikamjibu kwamba zamani nauli ilikuwa shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano iliitwa dala.

"Na dala ilitoka wapi?"

Akili yangu ikashuka kituo hicho hicho, ikapanda basi la kutoka Karlovy Vary kwenda Jáchymov, huko Ucheki.

Ilikuwa Februari, ile baridi ya mwaka wangu wa mwisho Praha. Glavu moja nilishaipoteza. Mji wenyewe ni bonde jembamba na barabara moja inayopanda kuelekea mpaka wa Ujerumani. Wakazi hawafiki 3,000. Miaka ya 1530, machimbo ya fedha yalipochanganya, walikuwa kama 18,000.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye makumbusho, nyumba ya zamani ya kufulia sarafu. Mgeni nilikuwa peke yangu. Bibi mlinzi alifuatana nami, akiwasha taa ya chumba tunachoingia na kuzima ya tunachotoka, sawasawa na marehemu nyanya yangu na kibatari chake. Tukafika kwenye kabati la kioo. Sarafu mbili pana, zimefifia: moja imelazwa upande wa Mtakatifu Joachim, nyingine upande wa simba. Ukoo wa Šlik, mabwana wa bonde, ulianza kuzifua kwa wingi mwaka 1520. Wajerumani wakaziita kwa jina la bonde, Joachimsthal: Joachimsthaler, ulimi ukachoka, ikabaki thaler. Waingereza nao wakatamka walivyoweza.

"Tolar," akasema bibi.

"Dala," nikasema mimi.

Akanitazama. Nikatoa simu, nikamwonyesha picha ya daladala, konda ananing'inia mlangoni. Akavaa miwani, akahesabu abiria kwa kidole; akifika dirisha la nyuma anapotea, anaanza upya. Alicheka hadi akashika kiuno. Kisha akatulia, akanielekeza dirishani, kwenye mlima. Baba yake aliletwa pale miaka ya 1950, mfungwa wa siasa, achimbe urani. Mlima ule ule. Makapi ya machimbo ya mlima huo ndiyo mwanasayansi Marie Curie aliyoyachemsha Paris, miaka mingi kabla ya hapo, kutafuta radiamu.

Nikatafuta pole ya Kicheki, sikuipata. Akazima taa.

Kurudi, basi zima tulikuwa mimi na dereva.

"Ilitoka mji mmoja mdogo, mbali," nikamwambia mwanangu.

"Na huko wanabanana hivi?"

"Zamani," nikasema.