Mzee juu ya bega

Alhamisi mchana ndiyo nafasi yangu. Sisi tunaolea wazee wa watu hapa Roma, wenyewe wanatuita badante, kwa desturi tunapumzika Jumapili na Alhamisi baada ya chakula cha mchana. Miaka ya mwanzo Alhamisi yangu ilikuwa ya kulala na kupiga simu Tanga. Siku hizi nikipata tiketi naenda Galleria Borghese, jumba la sanaa, kumtazama mzee mmoja wa marumaru.

Anaitwa Anchises. Amekaa juu ya bega la mwanawe Aeneas, misuli imelegea, ngozi imejikunja vilevile kama ya mzee ninayemwogesha kila asubuhi. Aliyemchonga ni Gian Lorenzo Bernini, kati ya 1618 na 1619, akiwa na miaka ishirini hivi. Nyuma yao anafuata mtoto mdogo, Ascanius, ameshika taa. Watatu hao wanatoka Troy usiku, mji wa kale wa hadithi uliovamiwa na Wagiriki, nao unawaka moto.

Nyumbani wengi mnaijua Roma kwa mbwamwitu, na mimi nilianzia hapohapo. Mzee ninayemlea ni dereva mstaafu wa tramu na shabiki wa AS Roma, timu ambayo beji yake ina mbwamwitu jike na mapacha wawili. Yeye ndiye aliyenisimulia, skafu ya timu mapajani. Romulus na Remus walikuwa wana wa Mars, mungu wa vita, na mama yao ni Rhea Silvia, binti wa mfalme aliyepinduliwa na mdogo wake. Huyo mpinduzi akaamuru vichanga vitupwe mto Tiber. Maji yakawaacha ukingoni, mbwamwitu akawanyonyesha, mchungaji Faustulus akawachukua na kuwalea. Walipokuwa watu wazima wakagombania mahali pa kujenga mji, wakaamua kutazama ndege wapate ishara ya miungu: Remus akaona tumbusi 6, Romulus akaona 12. Kisha Remus akauruka ukuta wa nduguye kwa dharau, akauawa. Siku ya kuzaliwa mji wanaihesabu 21 Aprili 753 K.K., na mpaka leo ikifika tarehe hiyo Roma kuna sherehe.

Sikuipenda, na nilimwambia. Ndugu waliolala kikapu kimoja wauane kwa ajili ya ukuta? Akacheka, akasema basi nikutafutie mwanzo wa kabla ya huo. Ndivyo nilivyomjua Anchises.

Jinsi Virgil, mshairi wa Roma ya kale, alivyoisimulia, Wagiriki walipouingia mji Aeneas alikimbilia nyumbani kumchukua baba yake, na mzee akagoma. Hapo nilikaa sawasawa kwenye kiti, maana kugoma huko nakujua. Niacheni, nimeishi vya kutosha, nendeni nyinyi wenye nguvu. Mwana analia, mkwe analia, mjukuu analia, mzee hasogei. Mpaka ulimi wa moto ukatokea juu ya kichwa cha mtoto bila kumuunguza, mzee akamwomba Jupiter, mungu wao mkuu, athibitishe, radi ikapiga upande wa kushoto na nyota ikakatiza angani. Ndipo akasema, haya, twende.

Kabla ya kuinama ili baba apande, Aeneas akamwambia jambo ambalo sijalisahau. Miungu ya nyumba, Penates, walinzi wa ghala na jiko la ukoo, ishike wewe baba. Mikono yangu imetoka vitani, ina damu, siruhusiwi kuigusa mpaka nioge kwa maji yanayotiririka. Mimi ni Mwislamu, miungu hiyo siiamini, lakini suala la kutogusa kitu kitakatifu bila kutoharika sikuhitaji kufafanuliwa na mtu. Nikienda Borghese naitazama hiyo mikono ya mzee. Amekishika kifurushi chake cha vinyago juu ya kichwa cha mwanawe, na hakitetemeki. Mwana anabeba kilo za mwili, mzee anabeba nyumba nzima ya kwao.

Mke, Creusa, akapotelea njiani. Aeneas akarudi kumtafuta, akakutana na kivuli chake tu, akajaribu kumkumbatia mara tatu na mara tatu mikono ikabaki mitupu.

Mwisho wa safari Aeneas alifika Italia, akamwoa Lavinia, akajenga mji wa Lavinium kusini mwa hapa. Kutoka kwa uzao wake ndiko walikotokea wale mapacha, vizazi vingi baadaye. Yule mtoto mwenye taa ana jina la pili, Iulus, na ukoo wa Julius Caesar ulidai umetokana naye. Kwa hiyo hata sisi tukisema Julai tunamtaja Caesar, na kwa madai ya ukoo wake, huyo mtoto.

Lakini Anchises hakuiona hiyo nchi mpya. Alifia Sicilia, mahali panapoitwa Trapani leo. Kubebwa kote kule, bahari yote ile, akazikwa njiani.

Siku baba yangu anafariki Tanga, mimi nilikuwa namkata kucha mzee wa watu. Kibali changu cha kuishi kilikuwa kinasubiri kuhuishwa, nikaogopa nikitoka sitaruhusiwa kurudi, na mshahara huu ndio unaosomesha wadogo zangu. Mazishi niliyasikiliza kwa simu, chooni, bomba nimelifungua ili mzee asinisikie. Baba sikumbeba hata hatua moja.

Hadithi inasema mwaka ulipotimia upepo ulimrudisha Aeneas Sicilia. Akaenda kaburini, akamwaga vikombe viwili vya divai, viwili vya maziwa, viwili vya damu, akamsalimia baba yake. Waroma waliamini kwamba Aeneas ndiye aliyewaletea Parentalia, siku zao za kuwakumbuka wazazi waliokufa, kuanzia 13 hadi 21 Februari.

Kibali kilitoka Januari iliyofuata. Nilifika Tanga mwezi wa pili. Shangazi hakupenda niende makaburini, kwetu wanawake hawaendi hovyo, lakini kaka alinielewa. Nilitia udhu bombani kwake, nikapanda bodaboda nyuma yake, na nilikaa pale na baba tangu alasiri mpaka muadhini alipoanza.