Steringi Hafi

Jumapili mwanangu alikuwa amejilaza mkekani, tableti kifuani, akauliza bila kunitazama: "Baba, huyu si atarudi?"

Nikachungulia. T'Challa, yule mfalme wa Wakanda kwenye filamu za Marvel, ameunyoosha mkono kumwinua Okoye, jenerali wake, na ule mkono unageuka majivu. Mtoto hakushtuka hata kidogo. Ana miaka saba, lakini ameshaona filamu za kutosha kujua kwamba shujaa akifa ni kama kaenda likizo.

Nilichelewa kumjibu. Mwili ulikuwa sebuleni, ila mwenyewe nilikuwa Tandale, 2018, kwenye kibanda umiza, cha kuonyeshea filamu, nyuma ya mashine ya kusaga.

Kile kibanda mnakijua: mabati, gunia mlangoni, feni moja inayompepea mwenye kibanda. Kiingilio wakubwa shilingi mia tano, watoto mia mbili na wanakaa chini mbele. Mtafsiri alikuwa Mjomba, ambaye hakuwa mjomba wa mtu yeyote. Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha, ila hadithi alikuwa nazo. Black Panther, filamu ya T'Challa mwenyewe, tulishaiangalia mpaka tukaikariri, na kwa kuwa Lupita Nyong'o aliyemo ni wa hapo Kenya tu, tuliichukulia kama harusi ya jirani. Sasa ilikuwa zamu ya Avengers: Infinity War, kopi ya wizi, kila baada ya muda kichwa cha mtu kinapita chini ya skrini.

Mwanzo niupite haraka. Quill, mmoja wa mashujaa, alipomtandika Thanos, adui mkuu, wakati ile glovu yake ya nguvu inakaribia kutoka, benchi letu zima lilisimama kumtukana, na matusi yale siwezi kuyaandika, mama mkwe anasoma hapa. Thor, shujaa mwingine, alipomzamishia Thanos shoka la kifua, mzee mmoja akapiga kelele, "Kichwa! Kata kichwa, mpumbavu wewe!" Punde tu Thanos mwenyewe akamwambia Thor kwamba angelenga kichwa. Mzee akageuka kututazama kama vile yeye ndiye aliyeiandika.

Kisha Thanos akafyatua vidole vya glovu ile, na watu wakaanza kupukutika kuwa majivu. Alipoondoka T'Challa, tena kwao Wakanda, mbele ya jeshi lake, kibanda kikanyamaza. Jenereta tu ndiyo iliyosikika. Mjomba naye kimya, jambo ambalo hatukuwahi kulisikia. Halafu maiki ikakohoa: "Msiwe na wasiwasi, watazamaji! T'Challa kaenda kwa wazee wake kuzimu kuita jeshi. Hao wengine wanamsindikiza!"

Watu wakashusha pumzi. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, na mnajua kichwa cha mtu wa kidato cha sita. Nikasimama. "Mjomba anawadanganya! Wamekufa!"

Mjomba akanikazia macho. "Msomi, njoo utafsiri wewe."

Maiki ikapita juu ya vichwa mpaka ikanifikia. Ilikuwa imezungushiwa solotepu nyeusi, ina joto la kiganja cha mtu, na utando wake umelowa mate. Nilipoinua macho, Peter Parker, yule kijana Spider-Man, alikuwa ameangukia kifuani kwa Tony Stark, yaani Iron Man, amemng'ang'ania, analia kitoto kabisa. Alichosema kila mtu aliyesoma Kiingereza cha darasa la tano angekielewa. Nikakisema: "Sitaki kwenda."

Hakuna mwalimu ambaye angeniwekea kosa. Lakini kitoto kimoja cha mbele, kaptula imechanika, kikageuka. "Kwenda wapi?"

Kiingereza kinamruhusu mtu asitake kwenda, kikaishia hapo. Kwetu mtu haendi hivihivi. Wengine nao wakageuka, nyuso zote kwangu na migongo kwenye skrini, na nyuma yao yule kijana anazidi kuwa vumbi mikononi mwa mwenzake, hakuna anayemtazama isipokuwa mimi. Kitoto kilikuwa kinasubiri kwa adabu kabisa. Neno nililolipigia kelele dakika tatu nyuma lilikuwa mdomoni, fupi, tayari.

"Kwao," nikasema. "Anakwenda kwao."

Kikaitikia kwa kichwa, kikageukia skrini. Mjomba akanyoosha mkono, nikamrudishia maiki yake. Hakusema neno. Afadhali angesema.

Kesi yenyewe ilikuwa nje. Wapo waliodai kiingilio chao, maana steringi, shujaa mkuu wa filamu, hafi, na hawa wamekufa kundi zima. Mimi nikatoa hotuba ndefu kwamba ni ujasiri, kwamba kina Russo, waongozaji wa filamu, wamethubutu kumaliza kwa msiba. Muuza mihogo akaniacha nimalize. "Steringi hafi," akasema. "Nani hajafa? Thanos. Nani ameonyeshwa mwishoni amekaa anatazama jua? Thanos. Basi steringi ni Thanos, nyie ndio mliokosea tangu mwanzo." Mpaka leo sijaona uchambuzi unaomshinda. Hata maandishi ya mwisho wa filamu yalisema Thanos atarudi, mashujaa hawakutajwa.

Mwaka uliofuata ikaja Endgame, mwendelezo wake. Mlango wa moto ukafunguka, T'Challa akatoka, na nyuma yake jeshi. Jeshi! Mjomba hakuwa amesoma chochote popote. Nilijiona nimetapeliwa, ile hotuba yangu yote ya msiba imekuwa upuuzi, na bado nilishangilia mpaka sauti ikakauka.

Kwa hiyo Jumapili nikamjibu mwanangu kwamba atarudi. Jioni tukaweka hiyo ya pili, na T'Challa alipotokea, mtoto akanipiga teke la furaha. "Halafu baada ya hapa?"

Baada ya hapo ni Wakanda Forever ya 2022, inayoanza kwa kifo na jeneza la T'Challa, kwa sababu Chadwick Boseman, aliyemwigiza, alifariki tarehe 28 Agosti 2020 na watengenezaji wakakataa kumweka mtu mwingine kwenye nafasi yake. Wapo mashabiki wanaosema walikosea, mhusika hakupaswa kuzikwa pamoja na mwigizaji. Siku nyingine ningebishana nao.

"Baada ya hapa tunalala," nikamwambia. "LUKU imebaki uniti mbili."

Akaiinua tableti, akanionyesha kona ya juu. "Baba, hii ina chaji asilimia themanini."