Misimu 13, Klabu Nane: Nilivyoishi kwa Mpira Bila Kuwa Nyota

Kati ya mwaka 2010 na Juni 2023 nilicheza mpira wa kulipwa kwa misimu 13 na nikavaa jezi za klabu nane, tano kati ya hizo zikiwa za Ligi Kuu Tanzania Bara na tatu za daraja la chini yake. Sikuwahi kuitwa Taifa Stars, sikusajiliwa na Simba wala Yanga, na mabao yangu yote ya ligi yanahesabika kwa vidole vya mikono miwili, kidole kimoja kikibaki. Hata hivyo, katika miaka hiyo yote haukupita msimu nisiokuwa na timu, nilijenga nyumba ya vyumba vitatu nyumbani Tanga, na niliacha kucheza nikiwa bado naweza kupanda ngazi bila kushika ukuta. Ninaeleza hapa jinsi nilivyoweza, ila majina ya klabu zangu sitayataja, kwa sababu baadhi yake bado zinadaiwa nami na nyingine zilinitendea wema ambao viongozi wake wasingependa kuutangaza.

Mkataba wangu wa kwanza niliusaini nikiwa na miaka 20, siku tatu baada ya kiongozi wa klabu kuniona kwenye mashindano ya ndondo ya mtaani kwetu. Tulikubaliana fedha za usajili shilingi milioni moja, nikapewa laki nne za kishika uchumba, nikaahidiwa kwamba zilizobaki ningemaliziwa nikifika kambini. Niliweka saini mahali nilipooneshwa kwa kidole, nikapeana mikono na katibu, nikatoka nikiwa na furaha kubwa na bila karatasi yoyote mkononi. Miezi saba baadaye, laki sita zikiwa bado hazijaonekana, kipa wetu mkongwe aliniita pembeni baada ya mazoezi.

"Mdogo wangu, nakala ya mkataba wako iko wapi?"

Nilimjibu kwamba iko kwa katibu. Akacheka mpaka akaketi chini.

"Basi mwenye mkataba ni katibu. Wewe huna."

Jioni ile nilinunua daftari la mistari, na ndilo lililoendesha maisha yangu yote ya soka kuliko kocha yeyote. Niliandika humo kila ahadi, aliyeitoa, tarehe yake na tarehe iliyotimizwa, na kila mshahara pamoja na idadi ya siku uliochelewa. Msimu wa pili ulipokwisha niligundua kwamba, hata kama sikuwa najua mpira kuliko wenzangu, angalau nilijua kwa hakika klabu yetu ilikuwa na fedha miezi gani na ilikuwa haina miezi gani, jambo ambalo hata baadhi ya viongozi walikuwa wakilikisia tu.

Mchezaji wa kiwango cha kati hana budi kuelewa kwamba klabu za ligi yetu hazifanani, ingawa zote zinasimama kwenye msimamo mmoja. Enzi zangu zilikuwepo zilizo chini ya viwanda, kama Mtibwa Sugar ya Turiani na Kagera Sugar. Zipo za majeshi, kama zile za JKT na Tanzania Prisons. Zipo zilizoanzishwa chini ya halmashauri, kama Mbeya City na KMC ya Kinondoni. Kisha zipo zile tunazoziita timu za wananchi, ambazo huishi kwa viingilio, michango ya wadau na ukarimu wa mfanyabiashara mmoja au wawili. Timu ya wananchi inaweza kukupa dau nono la usajili mwezi Julai, wakati hamasa ya mji iko juu, kisha ikashindwa kukulipa mshahara mwezi Novemba baada ya kufungwa michezo minne mfululizo. Timu ya taasisi, yaani ya kiwanda, jeshi au halmashauri, hukupa dau dogo linalokufedhehesha mbele ya rafiki zako, lakini tarehe ya mshahara ikifika unaweza kumwahidi mwenye nyumba. Haki za matangazo, ambazo Azam Media ilianza kuzinunua mwaka 2013, zilipunguza pengo hilo kwa kiasi, lakini hazikuliziba.

Kwa muda mrefu nilidhani njia ya kujua hali ya klabu ni kumuuliza kocha au wachezaji waliopo. Kocha atakusifia klabu kwa sababu anakuhitaji, na mchezaji aliyepo ama ataificha aibu yake ama ataikuza. Nilichojifunza ni kumtafuta mpishi wa kambi na dereva wa basi. Hao wawili ndio wa kwanza kukosa fedha klabu inapoyumba, na hawana sababu ya kukudanganya. Mwaka 2015, kabla ya kusaini mahali fulani, nilimpigia mpishi aliyefahamiana na shangazi yangu, nikamsalimia, kisha nikamuuliza swali moja tu: mchele wa kambi wananunua kwa fedha taslimu au kwa mkopo? Alinyamaza kidogo, akaniambia kwamba mwenye duka alishaacha kuwakopesha tangu Machi. Sikusaini. Kiongozi aliyenifuata alinilaumu kwamba najidai, nami sikumweleza chochote, maana mama yule angefukuzwa kazi.

Jambo la pili lililoniokoa ni kujali tarehe. Kanuni za FIFA humruhusu mchezaji kuzungumza na kusaini na klabu nyingine pindi mkataba wake unapobakiza miezi sita au pungufu, lakini wengi wetu tulikuwa tukisubiri ligi iishe, tupumzike, ndipo tuanze kupigiana simu. Aprili 2016 nilikuwa nimebakiwa na miezi miwili, nikakubali mkataba wa miaka miwili kwa mshahara ambao mke wangu aliuona mdogo. Mwezi uliofuata ligi ilipofungwa, timu zote tatu za Tanga, yaani Coastal Union, African Sports na Mgambo, zilishuka daraja kwa pamoja. Niliporudi nyumbani likizo nilikuta mji mmoja una makumi ya wachezaji wa Ligi Kuu wanaotafuta kazi katika wiki ileile, baadhi yao wakiwa wazuri kuliko mimi kwa kila kitu, wakikubali nusu ya nilichokuwa nimepewa.

Kusafiri kulinichosha kuliko kucheza. Kutoka Dar es Salaam hadi Bukoba ni takriban kilomita 1,400 kwa basi, na ukifika unacheza Kaitaba kwenye nyasi bandia ambazo jua likiwaka huunguza nyayo ndani ya viatu; wiki inayofuata uko Mbeya, kwenye Uwanja wa Sokoine, mji ulio kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, ambako mtu wa pwani kama mimi hutafuta pumzi kuanzia dakika ya ishirini. Nilijizoeza kutembea ndani ya basi kila baada ya saa mbili, kubeba chakula changu cha njiani badala ya chipsi za vituoni, na kuvaa soksi za kubana miguu muda wote wa safari. Wenzangu waliniita mzee nikiwa na miaka 25. Sikuwahi kuumia msuli wa paja hata mara moja.

Niliumia kifundo cha mguu, na hapo nilifanya kosa. Klabu niliyokuwa nayo wakati huo ilisema kipimo nilichoandikiwa hakimo katika bajeti, nami badala ya kushikilia haki yangu nilikopa, nikajilipia, nikarudi uwanjani baada ya wiki sita nikichechemea kwa siri. Kuanzia mkataba uliofuata nilidai kifungu kinachosema wazi kwamba matibabu ya jeraha la mazoezini au mchezoni ni ya klabu hadi daktari aandike kwamba nimepona. Mara mbili viongozi walikataa kukiandika, na mara zote mbili niliondoka mezani.

Mwaka 2018 mambo mawili yalinifika kwa pamoja. La kwanza ni kwamba idadi ya wachezaji wa kigeni iliongezwa kutoka saba hadi kumi kwa kila klabu. Klabu zangu hazikuwa na uwezo wa kuleta wageni, hivyo mwanzoni nilidhani jambo hilo halinihusu, lakini klabu kubwa zilipowajaza viungo, yaani wachezaji wa katikati ya uwanja, kutoka nje, viungo wazawa walioachwa walishuka kuja kwenye timu za kati, yaani palepale nilipokuwa nakula. Nilikuwa kiungo mkabaji mwenye miaka 28. Nilimfuata kocha msaidizi nikamwomba anifundishe kucheza beki wa kulia, nikabaki uwanjani nusu saa kila siku baada ya wenzangu kuondoka, na msimu ulipoanza nilikuwa mchezaji wa nafasi mbili. Kwa kocha mwenye bajeti finyu, mtu wa namna hiyo huonekana kama wachezaji wawili kwa mshahara mmoja, na sikuona ubaya wa kuonekana hivyo.

La pili lilikuwa msimu wenyewe wa 2018/19. Ligi ilikuwa na timu 20 na michezo 38 kwa kila timu, na ilianza bila mdhamini mkuu. Klabu niliyokuwa nayo ilinilipa miezi minne kisha ikanyamaza. Safari hii daftari langu lilikuwa na nakala ya mkataba ndani yake. Kanuni za FIFA, kwa kifungu kilichoongezwa mwaka 2018, zinampa mchezaji asiyelipwa angalau mishahara miwili ya mwezi haki ya kuvunja mkataba baada ya kuiandikia klabu na kuipa siku 15 za kulipa. Niliandika barua mwenyewe, kwa Kiswahili, bila tusi na bila kitisho. Nikaipeleka ofisini, nikaomba nakala yangu igongwe mhuri wa kupokelewa. Katibu aliniambia, "Kaka, hata wewe?" Nikamjibu kwamba namheshimu, na kwamba nakala nyingine nimeiandaa kwa ajili ya kamati ya TFF, shirikisho la mpira wa miguu nchini, inayoshughulikia hadhi za wachezaji. Siku ya kumi na tatu tuliketi: walinilipa nusu ya deni, wakaandika kwa maandishi nusu iliyobaki, wakanipa barua ya kuniruhusu kuondoka. Wenzangu waliogoma mazoezi bila kuandika chochote waliitwa watovu wa nidhamu na kukatwa posho.

Niliondoka nikiwa na hakika kwamba ligi ya timu 20 isingedumu, kwa sababu nilikuwa nimeona gharama za mabasi na hoteli zilivyokuwa zikiwatoa viongozi jasho. Kwa hiyo mwaka 2019 nilikataa ofa ya mwaka mmoja yenye dau kubwa, nikachukua ya miaka miwili yenye dau dogo. Ligi ikapunguzwa hadi timu 18 msimu wa 2020/21, kisha 16 msimu uliofuata. Ukihesabu wachezaji 25 kwa kila timu iliyoondolewa, unapata nafasi 100 za kazi zilizopotea ndani ya miaka miwili, huku mimi nikiwa nimeketi ndani ya mkataba. Korona iliposimamisha ligi Machi 2020 mshahara wangu ulipungua lakini haukukatika.

Bahati nayo ilinikumbuka. Mwaka uleule IFAB, bodi ya kimataifa inayotunga sheria za soka, iliruhusu wachezaji watano wa akiba kuingia badala ya watatu, na kanuni hiyo, nadhani, imerefusha maisha ya wachezaji wa aina yangu kuliko dawa yoyote. Nilikuwa nikiingia dakika ya 70 tukiwa tunaongoza kwa bao moja, nikasimama kulia au katikati, nikapoza mchezo. Mkataba ukaongezwa mwaka mmoja. Mnamo 2021 Azam Media ilisaini mkataba mpya wa zaidi ya shilingi bilioni 225 kwa miaka kumi, benki ya NBC ikaja kuwa mdhamini mkuu wa ligi, na mishahara ya vijana ikapanda hadi viwango ambavyo sisi tulikuwa tukivisikia redioni tu. Nilicheza msimu wangu wa mwisho daraja la chini, kwa makubaliano kwamba klabu inipe ruhusa ya kuhudhuria kozi ya leseni D ya ukocha ya CAF, shirikisho la soka Afrika, na mkataba ulipokwisha Juni 2023 sikuutafutia mwingine.

Sasa nafundisha vijana wa chini ya miaka 17 jijini Tanga. Mwaka jana, tukiwa katikati ya mazoezi, simu yangu iliingia ujumbe wa M-Pesa wa shilingi laki tatu, na dakika moja baadaye katibu yule niliyempelekea barua ya kudai mishahara akanipigia: "Kaka, tumepata kidogo, tukaona tusikusahau." Nilimshukuru kwa dhati. Jioni nililifungua daftari, nikaandika tarehe na kiasi, nikapunguza, na mbele ya jina la klabu nikaandika deni lililobaki: laki saba na nusu.