Umeshajamba?

Juzi tuko mezani, yule wangu wa mwisho akaachia ushuzi katikati ya wali, mama yake akamkata jicho, "mbele za watu hivyo?", mtoto machozi yakamlenga, mimi nikacheka mpaka ikabidi nitoke nje. Nimenuniwa hadi leo. Ila mwenzenu nilikumbuka ile habari ya kidole tumbo.

Operesheni yenyewe siijui, nusu kaputi, nikaamka na mpira puani na mshono katikati ya tumbo kwa sababu kidole kilishapasuka ikabidi wafungue kote wasafishe. Maumivu nilishajiandaa nayo. Ambacho hakuna aliyeniambia ni kwamba utumbo unaweza kususa. Dokta alisema ukishikwashikwa, tena na usaha umemwagika, unagoma kucheza, na sindano za maumivu nazo zinauzidishia usingizi. Utumbo mwembamba huwahi kuamka, mpana ndo mvivu, siku mbili tatu, kwa tumbo lililochafuka kama langu zaidi ya hapo. Basi kila raundi anabandika kipimo chake tumboni, anasikiliza, anatikisa kichwa. Bado. Hakuna kula, hakuna maji, dripu tu.

Siku ya nne tumbo limejaa kama ngoma. Nesi anauliza toka mlangoni, wodi nzima inasikia, "namba sita, umeshajamba?" Mtu mzima mimi, baba wa watoto wawili. Jirani yangu wa ngiri yeye kesho yake tu alikuwa anakunywa uji huku ananitazama. Wivu nilioupata pale sijawahi kumwonea hata mwenye gari.

Nikaambiwa nitembee, nikatembea korido nzima nimekumbatia mto juu ya mshono.

Jioni saa ya kuona wagonjwa akaingia mama mkwe, katoka Korogwe na basi, ana chupa ya uji wa ulezi ambao siruhusiwi hata kuunusa. Mama ambaye nyumbani akikaa sebuleni mimi nahamia barazani. Akakaa kwenye stuli, "pole baba, unaendeleaje", na hapo hapo nikasikia kitu upande wa kushoto. Mnajua maji ya mgao yakirudi, bomba linavyoanza kukohoa hewa kabla hata tone halijatoka? Ndo hivyo. Likakoroma, likanyamaza, likashuka. Nikabana. Utabana na nini wakati tumbo limeshonwa? Nikashika chuma cha kitanda, nikaanza kumuuliza habari za mahindi, mvua imenyesha huko mama, na kwenye neno mvua ikatoka, ndefu, haina haraka, nami natazama dari.

Mama akatazama dirishani. Akakunja upindo wa kanga yake, akaukunjua, akaukunja tena.

Wa ngiri akapiga kelele, "nesii! namba sita kajibu!", wodi ikapiga makofi. Mama akasema taratibu, "Alhamdulillahi," akaanza kufungua chupa, nesi akamkimbilia, "mama subiri, kwanza maji kijiko kimoja kimoja."

Mke wangu alikuwa dirisha la dawa, hakuona, na bahati nzuri hasomi humu. Mama naye hajawahi kusema. Ila mpaka leo nikiugua hata mafua, akipiga simu swali la kwanza ni "tumbo linacheza, baba?"

Yule mdogo bado sijamwambia kitu. Nianzie wapi?