Pole ya nini?

Tangu Jumatano kuna maneno matatu yamenikaa kichwani na hayataki kutoka. Nayasikia nikifua. Nimeyasikia kwenye daladala ya Nkuhungu, konda akidai nauli mara ya pili. Jana usiku Baba Jeni kaniuliza mbona mlenda una chumvi ya watu wawili, nikajua sasa imekuwa shida.

Wiki yenyewe ilikuwa na mambo: sura ya tatu ya tasnifu yangu ya ukunga imepita, wifi kaolewa Singida (picha mlishaziona), na ule mgogoro wa kiwanja cha Nala umeisha. Mtu mwenye akili angeandika hayo. Mimi nimeshindwa kutoka chini ya mkwaju.

Mnajua niko fildi tangu Machi. Nawafuata akina mama waliojifungua ndani ya wiki sita, nawauliza walivyohudumiwa leba. Barua ya mkoa, barua ya wilaya, muhuri wa mtendaji wa kata, mwenyekiti wa kitongoji aliyekwenda mnadani, na baada ya hayo yote ndipo unafika kwa mwenye mtoto. Jumatano nilikuwa wilaya ya Chamwino. Kijiji sikitaji, na vitu viwili vitatu hapa nimevibadilisha, kwa hiyo msianze kubahatisha.

Mama mwenyewe ana kama miaka ishirini na saba, mtoto wa wiki tano. Tulikaa kwenye mkeka chini ya mkwaju, mama mkwe wake yuko kwenye kigoda anabangua karanga. Nilimwomba bibi atupishe kidogo maana mahojiano ni ya siri. Akainua kigoda, akasogea hatua mbili, akaendelea kubangua. Nikasema haya.

Tukaenda vizuri. Swali la 23 ndilo huwa napunguza sauti: je, wakati wa kujifungua mtoto huyu, kuna mtoa huduma aliyekupiga, kukufinya au kukuchapa? Akasema hapana, bila hata kufikiri. Nikagusa kishikwambi, duara likajaa, tukasonga mbele. Mwishoni nikampa kipande chake cha sabuni, nikasimama, nakung'uta sketi.

"Dada nesi, kwani hunikumbuki?"

"Nisamehe mama, tumeonana wapi?"

"Si wewe ulinizalisha huyu wa kwanza?" Akanyoosha kidevu kuelekea kwa kijana mmoja wa kaptula ya shule, anasukuma tairi. "Ulinipiga hapa." Akaweka kiganja kwenye paja la kushoto, juu kidogo ya goti, akalipiga mwenyewe, paa! Anacheka. "Ukaniambia, unataka kuua mtoto? Ndiyo nikapata nguvu."

"Pole sana, mama."

"Pole ya nini?"

Ndiyo hayo maneno yenyewe.

Alikuwa anauliza kweli, macho yananisubiri. Hata bibi aliacha karanga. Na mimi, mtu ninayelipiwa kuuliza, niliyefundishwa mbinu zote za kumfuatilia mtu akitoa jibu fupi, nilisema, "Haya, tunashukuru." Nikapanda boda. Tulipofika lami dereva akaniuliza kama nimeumwa na nge.

Sasa kinachoniuma ni nini hasa? Siku ya kwanza nilidhani ni kofi lenyewe. Kituo nilichoanzia kazi nakikumbuka vizuri: vitanda viwili vya kuzalia bila pazia katikati, ndoo ya jiki, tochi ya simu ukiishika kwa meno umeme ukikatika. Nawakumbuka akina mama wa pale waliopata matatizo, mmoja mmoja, mpaka rangi za khanga. Huyu simkumbuki hata kidogo. Mtoto alilia, mama hakutoka damu nyingi, nikaandika kwenye rejista nikaenda kwa mwingine. Yeye kanibeba miaka saba kwenye paja, mimi nimemwacha kwenye mstari wa daftari.

Siku ya pili nikaona kitu kingine, na hiki ndicho kibaya zaidi. Rudini juu msome. Kwa kumsahau sura nilimwambia "nisamehe". Kwa kumpiga nikamwambia "pole". Pole tunampa kila mtu: aliyejikwaa, aliyefiwa, anayetoka kisimani na ndoo. Pole haisemi nani kamsukuma mwenzake. Neno la mkosaji nilikuwa nalo mdomoni sekunde chache kabla, nikalitumia kwenye kosa dogo. Huenda naye aliliona, ndiyo maana akauliza. Au hakuona chochote, na mimi ndiye nimekuwa mwehu wa maneno. Nimeirudia sauti yake mpaka imechuja: mara inatoka kama mshangao, mara kama msamaha, na alfajiri ya Alhamisi ilitoka kama mtego kabisa.

Baba Jeni nilipomsimulia alisema, "Si amekushukuru? Unataka nini tena?" Akageukia mpira wake. Msimamizi wangu nilimpigia, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Iandike." Basi. Hakusema niiandike wapi.

Maana kwenye dodoso haina pa kukaa. Swali la 23 linauliza uzazi wa mtoto huyu, na mtoto huyu kazaliwa kituo kingine, mimi siko. Kwa hiyo "hapana" yake ni halali, duara limejaa sawasawa, na data ni safi. Lakini kama kofi langu yeye halihesabu kuwa ni kupigwa, hiyo hapana ya uzazi wa juzi ina uzito gani? Nina hapana zaidi ya mia kwenye kile kishikwambi. Ni ngapi ambazo ukiziuliza vizuri zitakujibu pole ya nini?

Nilijua hili jambo, kwa maana ya kulijua vitabuni. Kuna utafiti wa Tanga, vituo nane, akina mama waliulizwa wakiwa ndiyo wanatoka kituoni na wengine wakaulizwa tena nyumbani wiki tano hadi kumi baadaye. Mlangoni waliosema walitendewa vibaya ni asilimia 19. Nyumbani, asilimia 28. Ndiyo sababu mimi nawafuata nyumbani, hiyo ndiyo hoja yangu kubwa mbele ya jopo: mama akiwa kwake yuko huru kusema. Basi huyu yuko kwake, kwenye mkeka wake, na karanga za mama mkwe, na aliyempiga ndiye kashika dodoso. Uhuru gani huo.

Na kuna hili, nalisema haraka. Miaka miwili iliyopita nilisimama mbele ya wakunga wapya nikawafundisha huduma ya uzazi yenye staha. Nilikuwa na lile tamko la Shirika la Afya Duniani la 2014 nimelipiga chapa, nikawasomea. Nikasema, nakumbuka sauti yangu mwenyewe ilivyokuwa tamu, "Wapo wakunga wanaopiga." Wapo. Kama naongelea watu wa Brazil.

Halafu Ijumaa asubuhi nikiwa nachuja chai nikakasirika.

Nilikasirika na swali la 23, ambalo nimelitunga mimi. Linauliza alikupiga nani, haliulizi usiku ule nani alikuwepo. Nilikuwa mimi na mhudumu wa usafi. Nafikiri kuhusu usiku wowote wa mwaka ule, maana wa kwake siukumbuki: mmoja anatoka damu, unambana tumbo huku unaita, mwingine njia imefunguka yote na mapigo ya mtoto yanashuka na amekata tamaa ya kusukuma, gari la wagonjwa limekwenda mjini. Ndugu yeyote haruhusiwi kuingia. Yule bibi wa karanga aliniambia mwenyewe Jumatano, kabla hata sijawasha kishikwambi, kwamba uzazi wa mjukuu wa kwanza alikaa kwenye tofali getini mpaka jogoo akawika. Siku hizi tunaambiwa mama awe na mtu wake pembeni wakati wa uchungu, na mimi nimeshaona leba ikiwa na mama mzazi mmoja tu anayemshika binti yake mkono, kelele zote zinapungua, hata za kwetu. Bibi angekuwa ndani, yeye ndiye angemwambia sukuma. Angemwambia kwa Kigogo na angemwambia vizuri.

Kila tasnifu ya ukunga nchini inaanza na zile namba mbili, yangu pia: vifo vya akina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000 kwenye utafiti wa 2015/16, vikashuka hadi 104 kwenye ule wa 2022. Nafurahia hizo namba kuliko mtu yeyote, ndani yake kuna mgongo wangu. Lakini nikizisoma sasa hivi nafikiri, huyu mama na mtoto wake wako upande wa waliopona, na kofi nalo liko upande huohuo.

Hasira iliisha kabla chai haijapoa. Kofi lilikuwa la mkono wangu, siyo la upungufu wa watumishi. Wenzangu wa zamu zile zile wapo ambao hawakuwahi kumpiga mtu. Sista niliyewaandikia mwaka jana, yule wa kuimba, alizalisha gizani miaka thelathini, na mama akikata tamaa alikuwa anamwimbia sikioni mpaka mama anacheka, na ukicheka unasukuma.

Jumanne nina mama mwingine kijiji cha jirani. Nimekuwa nikijiuliza kama nipitie pale chini ya mkwaju, bila kishikwambi. Itifaki hairuhusu kurudi kwa mshiriki bila sababu ya utafiti. Na nikirudi nitasema nini? "Ile pole ya juzi nimeitafutia jibu"? Ataniona nimechanganyikiwa, na bibi atasogeza kigoda karibu.

Nilikuwa nataka kuendelea lakini Baba kapiga simu kutoka Bahi. Kwelea kwelea wameonekana tangu juzi, na mtama wake ndiyo kwanza umejaza. Watoto wa jirani waliokuwa wanamsaidia kuamia wako shule, kwa hiyo yuko peke yake na kopo lake na mawe. Dungu la mwaka huu kalijenga refu, na goti ni lile lile. Nimemwambia asipande. Amesema hapandi. Mnamjua mzee.