Siku ya 12 ya Masomo

Katikati ya Septemba 2015 nilihama Wichita, Kansas, nikaenda Houston. Dada yangu alikuwa amejifungua mapacha, na shemeji ni dereva wa lori la masafa, wiki nzima hayupo. Nilikuwa na grini kadi, ile ya bahati nasibu, na mwaka mmoja na nusu wa uhasibu ulioandikwa kwenye transkripti, yaani hati ya masomo na matokeo ya chuo.

Dada alitaka nihamie chuo cha Texas Januari 2016, bila kusubiri. "Mdogo wangu, ukishazoea hela za maboksi, darasani hurudi." Hakuwa anatisha bure. Tunawajua wengi walioanza na "mwaka mmoja tu". Lakini chuo kikuu cha umma nilichokitaka kingenitoza kama mtu wa nje ya jimbo: ada ya muhula mmoja ilipita ya mkazi kwa mwaka mzima.

Ili Texas imhesabu mtu kama mimi mkazi, awe ameishi na kufanya kazi humo miezi 12 kabla ya siku rasmi ya kuhesabu wanafunzi. Kwa muhula unaoanza mwishoni mwa Agosti, hiyo ni siku ya 12 ya masomo, mwanzoni mwa Septemba. Mimi niliingia Houston siku chache baada yake. Kwa hiyo hata Septemba iliyofuata ningepungukiwa siku hizohizo chache, nisubiri hadi Januari 2017. Laiti wale mapacha wangekuwa na haraka kidogo!

Shemeji aliporudi Jumamosi tulipiga hesabu hadi chai ikapoa. Yeye alikuwa upande wa kusubiri. "Shemeji, tafuta kazi ya kweli. Zile kazi wanazopewa wanafunzi chuoni hazikupi ukazi."

Kilichonikata maini ni transkripti. Somo la serikali, yaani la mfumo wa utawala, nililolisoma Kansas, nikapata A, halikutosha. Texas inadai saa 6 za masomo ya serikali, yaani kozi mbili za muhula, na katiba ya Texas yenyewe imo humo. Nimekariri Azimio la Arusha, nimesoma katiba ya Marekani, sasa nyingine tena! Hata ningekubali kulipa ada ya mgeni, sehemu yake ingeenda kwenye kurudia mambo.

Nikasubiri. Usiku nilihudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, mchana nikalea mapacha, na hiyo katiba nikaisomea chuo cha jamii, kile cha miaka miwili, ambako hata bei ya mtu wa nje ilikuwa ya kuvumilika.

Desemba 2016 nilipeleka ofisi ya usajili barua ya mwajiri na hati za mishahara. Karani alizipekua, akauliza tarehe niliyoanza kazi, akabadilisha neno moja kwenye kompyuta. Muhula wa kwanza nililipa taslimu, bila mkopo.

Dada hajakubali mpaka leo. Anasema ningemaliza mwaka mzima mapema, na mshahara wa mhasibu wa mwaka huo nao ni hela. Shemeji humwambia aweke na riba ya mkopo kwenye hesabu zake, na hapo wanaanza upya.